Mawe na Maji

Maji ya Ziwa Mälaren huingia baharini kwa kupitia katikati ya mji wa Stockholm, na humo mjini yana njia mbili kubwa. Ya kaskazini hupita chini ya Norrbro, daraja la matao ya mawe lililo mbele ya kasri la mfalme. Ya kusini hupita Slussen, neno ambalo kwa Kiswidi maana yake ni lango la maji. Baina ya daraja na lango hilo pana mji mkongwe wa Gamla stan tu, mwendo mfupi kwa miguu. Norrbro liliwekewa jiwe la msingi na Mfalme Gustav III mwaka 1787, likamalizika mwaka 1807, na matao yake yangali yamesimama. Slussen ilifunguliwa mara ya kwanza mwaka 1642, katika enzi ya Malkia Kristina. Ikajengwa upya katika karne ya 18, ikajengwa upya katika karne ya 19, ikajengwa upya tena mwaka 1935, na katika karne hii imebomolewa ili ijengwe mara ya tano.

Mtu akiulizwa ni kipi kati ya viwili hivi kilichodumu, hatakawia kujibu: daraja. Jibu hilo si baya, ila limehesabu mawe peke yake. Lau angeulizwa ni kazi ipi iliyodumu, angelazimika kufikiri upya. Pale kusini meli zimekuwa zikipandishwa na kushushwa baina ya ziwa na bahari, na maji ya ziwa yakizuiwa au kuachiwa, kwa muda wa karne karibu nne, wala hakuna jiwe la wajenzi wa kwanza linaloshughulika na kazi hiyo leo. Kaskazini mawe ni yale yale, lakini lile lililokusudiwa na mwenye kuyaweka limekwisha. Gustav III alitaka njia ya fahari inayoelekea kasri lake, ishara ya mfalme mwenye kutawala. Mfalme wa Sweden wa leo hana mamlaka ya kutawala. Daraja limebaki zuri, na watu wanalipita, kwa sababu zao wenyewe.

Hapo ndipo lilipo swali. Wanaorithi kazi ya waliowatangulia wanawiwa nini nao? Wanawiwa kuyalinda mawe waliyoyapanga, au kuitimiza ahadi waliyoiweka kwa mawe hayo? Mara nyingi mambo haya mawili huenda pamoja, na mtu anaweza kuishi umri wake wote bila kutambua kwamba ni mawili. Yanapoachana ndipo lawama huanza, na kila upande huuita mwingine msaliti wa wazee.

Ili kuyaona yakiwa pamoja yafaa kuiacha Stockholm kwa kitambo na kwenda Japani, katika kisiwa cha Kyushu, mkoa wa Kumamoto, kwenye mji mdogo wa Yamato. Huko lipo daraja la mawe liitwalo Tsūjunkyō, ambalo halikujengwa ili watu wavuke. Lilijengwa ili maji yavuke. Wakazi wa uwanda wa Shiraito walikuwa wamezungukwa na mabonde ya mito pande zote. Waliyaona maji chini yao kila siku na hawakuwa na njia ya kuyapandisha mashambani. Mkuu wa wilaya yao, Futa Yasunosuke, aliamua kuyaleta kutoka ng'ambo ya bonde, na baina ya mwaka 1852 na 1854 waashi kutoka kijiji cha Taneyama wakajenga tao moja lenye upana wa mita 28 hivi na kimo cha mita 20 hivi.

Kimo hicho hakikutosha, na wao walijua. Daraja liko chini kuliko mashamba linayoyanywesha. Kulifikisha juu zaidi kungewataka waashi wafanye jambo ambalo mawe hayakuweza kulistahimili, kwa hiyo wakaachia maji yenyewe yamalize kazi. Maji huingia upande mmoja kutoka mahali pa juu zaidi, hushuka hadi darajani, huvuka ndani ya mabomba matatu ya mawe, kisha uzito wa maji yanayofuata nyuma huyasukuma yapande upande wa pili. Mabomba hayo ni vipande vya mawe vilivyotobolewa katikati na kuungwa kimoja kimoja kwa chokaa ya aina ya pekee, maana msukumo wa maji ulikuwa mkubwa na kiungo kimoja kibovu kingeharibu kila kitu. Hadi leo mfumo huo unanywesha kiasi cha hekta 100 za mpunga.

Inasimuliwa kwamba siku maji yalipofunguliwa mara ya kwanza, Futa alikaa juu ya daraja akiwa amevaa mavazi rasmi na kisu kiunoni, tayari kujiua iwapo daraja lingeanguka. Kisa hiki ndicho wageni wanachokipenda, na si ajabu, kwa kuwa kinamwonyesha kiongozi aliyeweka roho yake rehani kwa ajili ya neno lake. Lakini pana jambo jingine katika daraja hilo linalomsifu Futa na waashi wake kuliko kisu. Katikati ya mabomba waliacha matundu yenye vizibo vya mbao. Vizibo vikitolewa, maji huruka nje kwa kishindo pande zote mbili za daraja na kuzoa tope lililotuama ndani. Mwenye kisu anaifikiria siku moja, siku ya kufaulu au kuaibika. Mwenye kuacha kizibo anamfikiria mtu asiyemjua, atakayekuja miaka mingi baadaye na kukuta mabomba yamejaa tope. Leo watalii hukusanyika kutazama maji yakiruka, na wengi wao hudhani ni pambo. Wanatazama usafi wa mabomba.

Mwezi Aprili 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kumamoto, na viungo vya mabomba vikaanza kuvuja. Kabla matengenezo hayajakwisha, mvua kubwa ya Mei 2018 ikaangusha sehemu ya ukuta wa mawe. Mafundi walirudisha mawe mahali pake na kuziba viungo kwa chokaa, na mwaka 2020 maji yakaruka tena. Mwaka 2023 serikali ya Japani ikalipa daraja hilo cheo cha hazina ya taifa. Kwa ajili ya mpunga peke yake bomba la chuma au la plastiki lingetosha, kwa muda mfupi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Watu wa Yamato hawakuwa na haja ya mawe ili wapate maji. Hata hivyo walitaka maji yaendelee kupita mle mle yalimopita tangu mwaka 1854, na gharama ya kutaka hivyo waliilipa.

Huo ni uaminifu wa pande mbili, kwa mawe na kwa maji, na mtu akiuona anaweza kutamani uwe sheria ya kila mahali. Haiwezekani. Tsūjunkyō limeweza kuwa na vyote viwili kwa sababu haja ya Shiraito haijabadilika sana: hekta zile zile, mpunga ule ule, bonde lile lile. Haja ikikua mara kumi, mawe hayawezi kukua nayo.

Unguja inaonyesha upande mmoja wa mtengano. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kutoka kwenye chemchemi za kaskazini upande wa Bububu, na watu wa Mji Mkongwe wakayapata bila malipo. Yeye huyo ndiye aliyejenga Hamamni, bafu za umma ambazo mtaa mzima umechukua jina lake kutoka kwazo. Bafu hizo ziliacha kutumika mwaka 1920. Jengo lingalipo, limetunzwa, na mgeni akilipa kiingilio huonyeshwa chumba cha maji ya moto, chumba cha maji ya baridi na birika. Kila kitu kipo isipokuwa maji. Mgeni husifu sakafu na kuta, akatoka nje akawakuta akina mama wa mitaa ya jirani wakisubiri bomba litoe maji, siku linapotoa. Mawe ya Barghash yamehifadhiwa, lakini tendo lake halipo humo.

Haifai kumlaumu anayehifadhi jengo la Hamamni, kwa sababu si yeye aliyekausha mabomba. Lakini hapana budi kusema kwamba heshima inayopewa jengo hilo ni heshima ya kaburi. Linasafishwa, linazungushiwa ukuta, linatembelewa, na hakuna anayelitarajia litende.

Upande wa pili wa mtengano uko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenye mifongo ya Wachagga. Mfongo ni mfereji unaochepushwa kutoka mtoni juu mlimani na kupelekwa kihambani kwa mteremko mdogo, wakati mwingine kwa kilomita nyingi. Mahali ulipokutana na korongo, wazee waliuvusha kwa gogo lililochongwa ndani likawa kama mtumbwi. Hilo nalo ni daraja la maji, ingawa hakuna serikali itakayolipa cheo. Gogo huoza na huwekwa jingine. Kingo hubomoka kwa mvua na hujengwa upya kwa udongo na majani. Ukoo wenye mfongo huitana kwenda kuusafisha, na asiyefika hutozwa faini. Mfongo unaweza kuwa na umri wa vizazi vingi, na ndani yake pasiwe na kitu hata kimoja chenye umri wa miaka kumi. Kilicho cha kale humo ni njia ya maji na ile desturi ya kuitana.

Wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa na mfano unaokaribia huu, ule wa merikebu ya Theseus. Waathene waliihifadhi kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hadi watu wakaanza kubishana kama bado ni merikebu ile ile. Mjadala huo umesomeshwa vizazi kwa vizazi kana kwamba ni fumbo la mbao. Mchagga wa mfongo angeuliza kwanza swali jingine: merikebu hiyo ilikuwa inamchukua nani, kwenda wapi? Stockholm yenyewe, kwa kejeli ya historia, ina merikebu iliyo kinyume kabisa cha ile ya Theseus. Vasa, meli ya vita ya mfalme, ilizama katika safari yake ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628, ikiwa haijakwenda hata kilomita mbili. Iliopolewa mwaka 1961, ikanyunyiziwa dawa ya kuzuia mbao zisipasuke kwa miaka kadhaa, na tangu mwaka 1990 ina makumbusho yake. Mbao zake karibu zote ni zile za asili. Hakuna meli ya karne yake iliyohifadhiwa vizuri kuliko hiyo, na huenda hakuna iliyoshindwa kazi yake upesi kuliko hiyo.

Basi ni rahisi kufikia uamuzi kwamba ahadi ni kubwa kuliko mawe, na kwamba waliobomoa Slussen ya mwaka 1935 walikuwa waaminifu kuliko wanaofuta vumbi Hamamni. Sababu za kuibomoa zilikuwa nzito. Saruji yake ilikuwa imekwisha kumomonyoka. Ziwa Mälaren huwapa maji ya kunywa watu wapatao milioni mbili, na maji ya chumvi yakiingia humo ni msiba. Upande wa pili, ziwa likijaa kupita uwezo wa malango, mji utafurika. Mwishoni mwa mwaka 2000 maji yalipanda hadi watu wakaanza kuzihofia njia za treni za chini ya ardhi. Malango mapya yamekusudiwa kuongeza sana uwezo wa ziwa zima kutoa maji yake. Hayo si mambo ya kutupiliwa mbali kwa ajili ya kupenda kitu cha zamani.

Hata hivyo, katika mabishano marefu yaliyotangulia ubomoaji huo, wapinzani wengi hawakuyapinga malango. Walipinga vitu vingine vilivyokuja vimepakiwa juu ya malango hayo: nafasi kubwa mno ya magari, majengo ya biashara, mwonekano wa mji kuzibwa. Slussen ya mwaka 1935 ilikuwa na barabara zilizozungukana kama majani ya mmea, kazi iliyopendwa na wasanifu, na iliyopangwa vizuri kiasi kwamba Sweden ilipohamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1967, pale palileta taabu ndogo. Wapinzani waliuliza ni kiasi gani cha kitu hicho kilipaswa kufa kwa ajili ya maji kweli, na ni kiasi gani kiliuawa kwa ajili ya haja nyingine iliyojificha nyuma ya maji. Walishindwa, ingawa mipango ilipunguzwa hapa na pale. Swali lao halikujibiwa kwa kushindwa kwao.

Na mji huo ulikuwa na sababu ya kuliuliza. Katika miaka ya 1950 na 1960 Stockholm ilibomoa sehemu kubwa ya mtaa wa Klara, katikati ya mji, mamia ya majengo, kwa jina la haja za wakati mpya: treni, magari, maofisi. Wabomoaji hao hawakuwa wahuni. Walikuwa wapangaji wa mji wenye nia njema, waliosadiki kwamba mji ni kazi zake na kwamba nyumba za zamani ni maganda tu. Watu wa baadaye wamelijutia jambo hilo kwa sauti kubwa. Mwenye kusema kwamba ahadi ni kubwa kuliko mawe hana budi kukubali kwamba ndiyo hoja iliyoimaliza Klara.

Yaelekea kosa halikuwa katika hoja, bali katika kumwachia mtu yeyote aseme ahadi ni ipi. Jiwe haliwezi kusema uongo juu ya mahali lilipowekwa. Ahadi haina mdomo, na kila mwenye nguvu yu tayari kuisemea. Futa aliahidi maji kwa watu wa Shiraito, na watu wa Shiraito walikuwapo kumwambia kama yamefika au hayakufika. Ukoo wa mfongo unajua siku maji yanapopungua, kwa kuwa migomba yao hunyauka. Hao ndio wenye haki ya kusema ahadi ni ipi: wale ambao wangeumia isipotimizwa. Mpangaji wa Klara aliahidi kwa niaba ya wakazi ambao wengi wao hawakuwapo, na wakazi waliokuwapo walihamishwa.

Ndiyo maana mawe yanastahili kutetewa hata na mtu asiyeyaabudu. Hayatendi kazi ya maji, lakini ni shahidi aliye vigumu kununuliwa. Wapangaji wa Stockholm walipata somo hilo pale pale penye Norrbro. Mwaka 1978 palianza kuchimbwa kisiwani Helgeandsholmen, ambacho daraja hilo linakikanyaga, ili wabunge wapate mahali pa kuegesha magari chini ya ardhi. Wachimbaji wakakuta ukuta wa mji wa zama za kati, mabaki ya mashua na makaburi ya kale. Gereji kubwa ikaachwa, na mwaka 1986 pakafunguliwa makumbusho ya zama za kati, chini ya daraja. Ukuta ule ulikuwa hauna kazi kwa karne nyingi. Ulichofanya ni kuwalazimisha wenye haja ya gereji waeleze haja yao mbele ya watu, na ilipoelezwa ikaonekana ni ndogo.

Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta hufundishwa watoto kama onyo kwa mvivu. Kwa madaraja una maana nyingine iliyo ngumu zaidi, kwa sababu yupo anayeacha ufa ukue kusudi ukuta ubomoke, apate kujenga alichokitaka tangu mwanzo. Na yupo anayeziba ufa mwaka hadi mwaka katika ukuta usiozuia tena chochote. Norrbro lenyewe lilifanyiwa matengenezo makubwa baina ya mwaka 2007 na 2010, na hakuna aliyenung'unika, labda kwa kuwa maji hupita chini yake bila kulitegemea.

Hali hiyo haitadumu. Slussen ya tano imekusudiwa itumike kwa miaka 100. Ardhi ya Stockholm bado inainuka polepole, karibu nusu sentimita kwa mwaka, mabaki ya uzito wa barafu ya zama za kale ulioondoka, lakini bahari nayo inapanda, na mwendo wake unaongezeka. Ziwa liko juu ya bahari kwa kiasi cha sentimita 70 tu. Siku tofauti hiyo itakapokwisha, malango ya kusini hayatafaa kitu hata yakiwa wazi, maana maji hayatakuwa na mahali pa kushukia. Itabidi kuizuia bahari kabisa, na haitazuiwa kusini peke yake. Njia ya kaskazini nayo itahitaji kizuizi chenye nguvu kuliko malango madogo yaliyo hatua chache juu ya Norrbro, na mkondo hapo ni mwembamba, katikati ya bunge, kasri na daraja. Watakaoamua wapi pa kukiweka hawajazaliwa. Watayakuta matao ya Gustav III mahali pake, na maji yakiwa yamefika kwenye mabega ya matao hayo.